Mbona nakiri ushindi na bado naogopa? Maswali yenu kuhusu kuwaza chanya na imani

Barua za toleo hili zimetoka sehemu mbalimbali lakini zinazunguka jambo moja: je, Mkristo akiwaza mema atakuwa na imani zaidi, au anajidanganya tu? Wanaojibu ni mchungaji na mshauri nasaha wa safu hii. Majina ya waandishi tumeyaacha. Mistari tumeinukuu kutoka Biblia ya Union Version.

Bwana Yesu asifiwe. Usharikani kwetu tumegawanyika. Vijana wanasema Mkristo lazima awaze chanya. Wazee tunasema hayo ni mambo ya kidunia yaliyotoka Marekani. Nani yuko sahihi?
*Mzee wa kanisa, Iringa*

Mzee, shikamoo. Hofu yenu ina msingi. Katika karne ya 19 huko Maine, Marekani, fundi saa aitwaye Phineas Quimby alifundisha kwamba ugonjwa unatokana na imani potofu za mgonjwa, na kwamba fikra zikinyooshwa ugonjwa unakwisha. Mawazo ya namna hiyo yakaenea, yakaingia hadi mimbarini. Mwaka 1952 mchungaji wa New York, Norman Vincent Peale, akatoa kitabu chake juu ya kuwaza chanya kilichouzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo si kila anayesimama na kusema "badili fikra zako" ameitoa kauli hiyo kwa Paulo.

Lakini Paulo naye ameisema. "Mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu" ni Warumi 12:2. Na katika Wafilipi 4:8 ametupa orodha ya mambo ya kutafakari: ya kweli, ya staha, ya haki, safi, ya kupendeza, yenye sifa njema. Angalieni lililotangulia. Ni *kweli*. Yanayopendeza yamekuja baadaye, na mtu akiyapeleka mbele, yaani achague linalompendeza kwanza kisha aliite kweli, amekwisha kuacha njia.

Hesabu sura ya 13 inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yetu. Wapelelezi kumi na wawili wa Musa walitembea nchi ileile ya Kanaani, wakaona miji ileile yenye maboma na Waanaki walewale warefu. Kalebu, mmoja wao, hakubisha kwamba maboma yapo. Alichofanya ni kumhesabu Mungu pamoja na maboma. Wale kumi walipiga hesabu wakamwacha nje. Kisha soma mstari wa 33 polepole: "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi." Waanaki waliwaambia lini? Hakuna mahali walipowauliza. Walichukua wazo lao wenyewe wakaliweka vichwani mwa watu wengine, wakaliogopa kana kwamba ni habari. Fikra nyingi hasi tunazoletewa na waumini ni za namna hii: "najua mama mkwe ananidharau", "kwaya nzima wananisema".

Vijana nao wasome sura inayofuata hadi mwisho. Kesho yake watu walijaa moyo, wakasema tutapanda mlimani. Musa akawaambia msipande, BWANA hayupo kati yenu. Wakapanda hivyohivyo, wakapigwa mpaka Horma. Ujasiri ulikuwapo, ila Mungu hakuwa amewatuma.

Ibrahimu, baba wa imani, ameandikiwa katika Warumi 4:19 kwamba *alifikiri* hali ya mwili wake uliokuwa kama umekwisha kufa. Hakujifanya kijana. Alitazama umri wake na wa Sara kama ulivyo, kisha akaishika ahadi. Mkiwaeleza vijana hivyo mtaona ugomvi umepungua.

Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo nasema "mimi ni mshindi, mimi ni kichwa wala si mkia" mara kumi. Ikifika jioni najisikia vibaya kuliko nilivyoamka. Nakosea wapi?
*Dada wa miaka 27, Nakuru*

Dada, hukosei peke yako. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti ambamo watu walirudia sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tayari walinufaika kidogo. Waliokuwa wakijidharau, yaani haswa wale waliohitaji msaada, walijisikia vibaya zaidi. Sababu haiko mbali. Ukitamka neno ambalo moyo wako haulisadiki hata kidogo, moyo hujibu hapohapo kwa kukuletea ushahidi wa kinyume: "Mshindi gani? Kodi ya Januari hujalipa." Ukirudia mara kumi, umejibiwa mara kumi.

Na mstari wa kichwa na mkia, Kumbukumbu la Torati 28:13, ni ahadi kwa taifa zima yenye sharti la kuyasikiliza maagizo. Hatusemi usiupende. Ila kioo hakitauongezea nguvu.

Jaribu hivi badala yake. Unahitaji daftari la kawaida, kalamu, na dakika 10 hadi 15 jioni, ukiwa umekaa mezani au mkekani. Usifanyie kitandani, maana utaanza kulihusisha godoro na masumbufu.

Kwanza andika tukio kama angelieleza shahidi mahakamani, bila kulipamba wala kulilalamikia. Si "nimeaibishwa kwenye usaili", bali "Jumanne nilifanya usaili, Ijumaa nikapata ujumbe kwamba sikuchaguliwa". Watu wengi wanapata nafuu hapa tu, kwa sababu tukio likiandikwa kavu huwa dogo kuliko lilivyokuwa kichwani.

Pili, andika wazo lenyewe kwa maneno yaleyale lililokuja nayo, hata kama ni la kuchukiza: "Mungu amenisahau, mimi sitapata kazi milele." Pembeni weka alama kati ya 0 na 100, unalisadiki kwa kiasi gani. Tuseme 90.

Tatu, ushahidi. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto weka yanayoliunga mkono wazo, kulia yanayolipinga, na kila upande usipungue mambo mawili. Kushoto: huu ni usaili wa tatu kukosa, akiba imebaki ya mwezi mmoja. Kulia: mara mbili nimefika hatua ya mwisho, neno "milele" silijui mimi, mwezi wa nane nilipougua ada ya mdogo wangu ilipatikana kwa njia nisiyoitegemea. Usiache upande wa kushoto wazi ili uonekane una imani. Ukiuficha ushahidi mbaya, utatokea saa nane usiku.

Nne, tafuta neno la Mungu linalojibu wazo *hilo*. Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Wazo lilikuwa "Mungu amenisahau", basi jibu lake ni Isaya 49:15, juu ya mwanamke na mtoto wake anyonyaye, "naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Mistari ya utajiri na kutamalaki haijibu swali hilo, hata ukiipaza sauti.

Tano, unganisha kwa sentensi moja yenye vipande vitatu: *ni kweli kwamba… tena ni kweli kwamba… kwa hiyo kesho nita…* Mfano: "Ni kweli kwamba nimekosa kazi mara tatu na fedha zinaisha, tena ni kweli kwamba Mungu hajanisahau na nimefika hatua ya mwisho mara mbili, kwa hiyo kesho saa nne nitampigia yule mama wa ofisi ya pili nimuulize nilipungukiwa nini." Sema "tena", usiseme "lakini". Ukisema "lakini" moyo unasikia kwamba lile la kwanza limefutwa, na halijafutwa.

Sasa pima alama upya. Ikitoka 90 ikafika 60 au 65, kazi imefanyika. Anayetarajia sifuri ataliacha daftari wiki ya kwanza.

Fanya kwa jioni tano za wiki, kwa wiki nne. Siku ambazo hakuna baya, andika jema moja kwa undani badala ya mema kumi kwa juujuu: nani alifanya, alisema nini, ulikuwa wapi. "Asante kwa uzima" ya kila siku huzoeleka mpaka haisikiki. "Asante kwa dereva wa boda aliyerudi na mwavuli wangu" itakumbukwa, na baada ya mwezi daftari litakuwa na ushahidi wa kutosha upande wa kulia.

Mbona Biblia inasema wazi, "Maana aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo"? Si inamaanisha ukijiona tajiri utakuwa tajiri?
*Msomaji, Bukavu*

Hapana. Ni Mithali 23:7, na mistari ya 6 na 8 ndiyo inayoifungua. Habari yenyewe ni ya mwenyeji bahili anayekukaribisha mezani, "Haya, kula, kunywa", huku moyoni anahesabu kila tonge unalomeza. Unaambiwa usimpime kwa maneno yake bali kwa kilichomo moyoni mwake. Ni onyo juu ya mtu ambaye kinywa chake kinasema jema na moyo unasema lingine. Ukitafakari, ni onyo zuri pia kwa wanaokiri wasichokiamini.

Nikipiga magoti kuomba yananijia mawazo machafu, hata matusi kwa Mungu. Nayakemea, yanazidi. Naogopa kwamba nimemkufuru Roho Mtakatifu.
*Kijana wa kidato cha sita, Tabora*

Mdogo wetu, kwanza tulia. Mtu aliyemkataa Mungu kwa moyo mgumu hakai usiku kucha akiogopa kuwa amemkosea. Hofu yako yenyewe inaonyesha upande uliosimama.

Kuhusu kwa nini yanazidi, kuna jaribio maarufu la Daniel Wegner lililochapishwa mwaka 1987. Wanafunzi wa chuo huko Texas waliambiwa wakae dakika tano wakisema kila kinachowajia, ila wasimfikirie dubu mweupe, na akiwajia wapige kengele. Walipiga zaidi ya mara moja kwa dakika. Walipoambiwa baadaye kwamba sasa ruksa, wakamfikiria zaidi ya wenzao ambao hawakukatazwa. Akili inayolinda mlango dhidi ya wazo fulani inalazimika kulikumbuka ili ilitambue likifika. Kwa hiyo kila ukemeapo, unalitaja upya.

Fanya kinyume. Wazo likija, liite kwa utulivu: "wazo limekuja". Usilijibu, usilichunguze, usianze maombi upya. Endelea kutoka neno ulipoishia, na uombe kwa sauti ukiwa umefungua zaburi mbele yako, maana macho, kinywa na masikio vikiwa na kazi moja wazo linakosa nafasi ya kukaa. Zaburi 23 au 121 zinafaa kwa kuwa ni fupi. Tembea ukiomba ikiwa kupiga magoti kumekuwa uwanja wa vita. Siku za kwanza huenda mawazo yakaongezeka kidogo kabla ya kufifia, usikate tamaa.

"Tukiteka nyara kila fikira", 2 Wakorintho 10:5, si amri ya kupigana mweleka na kila kinachopita kichwani. Paulo pale anazungumzia hoja zinazojiinua juu ya elimu ya Mungu. Hoja unaijibu. Kelele unaiacha ipite.

Tahadhari moja tu. Ikiwa mawazo haya yanakulazimisha kurudia sala, kuungama au kunawa, na yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, hiyo huenda ikawa hali ya kiafya inayojulikana na yenye tiba. Mwambie mwalimu wa malezi au daktari. Ukimwambia padri au mchungaji wako pia ni sawa, ila mwombe asikufanye uungame wazo hilohilo kila wiki, maana itakuongezea.

Nina genge la mboga. Nimechukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa imani, marejesho ni 58,000 kila wiki kwa wiki 24. Wiki nzuri napata faida ya 50,000. Nakiri kila siku kwamba Mungu atafungua mlango. Mume wangu anasema nina imani haba nikianza kupiga hesabu. Mnasemaje?
*Mama wa genge, Morogoro*

Mama, tupige hesabu pamoja, na Yesu mwenyewe ametupa ruhusa katika Luka 14:28: anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Marejesho yote ni 1,392,000. Wiki nzuri unapungukiwa 8,000, na kwa wiki 24 ni 192,000, kabla hujala wala hujalipa ushuru wa soko, na kabla mvua haijaozesha nyanya. Pengo hilo halitazibwa na kukiri.

Hatusemi Mungu hafungui milango. Tunasema imani yenu imewekwa mahali ambapo Mungu hakuahidi. Katika Yeremia 28 nabii Hanania aliwatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili kongwa la Babeli litavunjika na vyombo vya hekalu vitarudi. Hakuna ujumbe chanya kuliko huo! Hata aliivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu. Hanania alikufa mwaka uleule. Sura inayofuata ndiyo yenye mstari unaoning'inizwa kwenye kuta za nyumba nyingi, 29:11, mawazo ya amani na kuwapa tumaini. Mstari ulio juu yake unataja kwanza miaka 70 ya Babeli. Na ule wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko uhamishoni. Tumaini la Yeremia lilikuwa na kalenda na jembe.

Watafiti nao wamegundua jambo la kufanana. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha mara nyingi kwamba wanaoota tu mafanikio hujitahidi kidogo kuliko wanaoweka ndoto pamoja na kizuizi chake. Anayeota anajisikia kama amekwisha kufika. Kwa hiyo wiki hii fanyeni wawili, wewe na baba:

Taja unachoomba kwa tarakimu: "tumalize mkopo bila kuuza kitu cha ndani". Taja kizuizi kikubwa kilicho mikononi mwenu, kimoja. Labda ni mboga zinazonyauka mchana, au wanaokopa bila daftari. Kisha fungeni mpango wa *ikiwa… basi…*: "ikiwa ni saa kumi na mchicha umebaki zaidi ya mafungu kumi, basi nitashusha bei, sitasubiri jioni." "Ikiwa mtu hajalipa deni la kwanza, basi simpi la pili." Ombeni juu ya mipango hiyo kwa majina yake.

Na mapema, kabla ya kuchelewa hata rejesho moja, nenda kwa waliokukopesha uombe muda urefushwe ili rejesho la wiki lishuke. Uliza riba itaongezeka kiasi gani kabla ya kukubali. Wakopeshaji humsikiliza anayekuja mapema kuliko anayefuatwa nyumbani. Kosa kubwa wanalofanya watu wa "imani" ni kuchukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza huku wakiuita upenyo. Usifanye hivyo.

Baba naye asome Warumi 4:19 tuliyoitaja juu. Kuhesabu si imani haba.

Nina presha. Kwenye mkutano wa injili niliombewa nikapokea uponyaji. Mtumishi amesema kumeza dawa ni kuukiri ugonjwa. Nimeacha wiki mbili na najisikia mzima.
*Mama wa miaka 52, Mwanza*

Mama, shikamoo. Tafadhali nenda ukapimwe leo, si kesho, na usiseme kwamba ni kumjaribu Mungu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote, ndiyo maana "najisikia mzima" haithibitishi kitu. Mtu anaweza kujisikia mzima asubuhi na kupooza upande mmoja jioni. Tena zipo dawa za presha ambazo zikikatishwa ghafla presha hupanda kwa nguvu kuliko mwanzo.

Biblia haijawahi kuogopa vipimo. Wakoma kumi katika Luka 17:14 waliambiwa na Yesu, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Makuhani ndio waliokuwa na sheria ya kuthibitisha kwamba mtu ametakasika, na uponyaji haukupungua kwa kukaguliwa. Mfalme Hezekia naye aliahidiwa na Mungu kwamba atapona, na mistari miwili baadaye Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7). Ahadi na dawa vilikaa kwenye ukurasa mmoja.

Daktari akikurudisha kwenye dawa, meza, na uanze kumbukumbu ya siku saba. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, asubuhi na jioni. Andika namba zote, hata zinazokuudhi, mpelekee daktari. Kipimo kikiwa kizuri ukiwa bado unameza, huenda ni dawa inayofanya kazi. Anayeweza kujaribu kuipunguza ni yeye, hatua kwa hatua, akikupima.

Kwa wenye VVU tunasema kwa mkazo zaidi. Ukiacha dawa za kufubaza, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, na vinaweza kujenga usugu. Mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache tu. Anayewashauri waache, awe na cheo gani, asifuatwe katika hilo.

Kumeza kidonge unaweza kukufanya kuwa sala: "Asante Mungu kwa dawa hii na kwa waliosoma mpaka wakaijua." Huo nao ni ukiri, na ni wa kweli.

Nimefiwa na mume miezi mitatu iliyopita. Wenzangu wa ushirika wananikemea nikilia, wanasema huzuni inampa shetani nafasi, niwaze mazuri.
*Mjane, Machakos*

Pole sana, mama. Lia. Yohana 11:35 ni mstari mfupi, "Yesu akalia machozi", na aliyalia akijua kwamba dakika chache baadaye Lazaro atatoka kaburini. Paulo naye hakusema msihuzunike. Alisema msihuzunike *kama wengine wasio na matumaini*.

Zaburi 13 itakufaa. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inasema "nimezitumainia fadhili zako". Daudi hakuruka kuanzia mstari wa tano. Chukua karatasi uandike yako kwa mpangilio huo: "hata lini" zako kwanza, zikiwa nyingi upendavyo, kisha ombi, kisha neno moja la tumaini unaloweza kulisema bila kujilazimisha. Siku usiyokuwa nalo, ishia kwenye ombi. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado ni sala, nayo imo katika Biblia.

Kwa wana ushirika: mkienda kwa mfiwa, pelekeni maji, kuni, mchele, na kaeni. Mstari wa kumtia moyo ungojeni auulize.

Nimefanya yote, mistari, kufunga, daftari la shukrani. Bado siwezi kuamka, chakula hakipiti, naona ingekuwa heri nisingekuwapo. Je, nimepoteza imani?
*Mwalimu, Njombe*

Mwalimu, hujapoteza. Nabii Eliya alifikia hapohapo chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Tazama Mungu alivyomtibu. Hakuanza na mahubiri. Alimlaza usingizi, akampa mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha tena, kwa maneno "safari hii ni kubwa mno kwako". Baada ya mwendo wa siku arobaini ndipo lile wazo lake, "nimesalia mimi peke yangu", likaletewa jibu: wapo watu 7,000. Wazo lilikuwa la uongo tangu mwanzo, ila halikusahihishwa kabla mwili haujapumzishwa.

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kukataa, uchovu, kujilaumu na mawazo ya kufa, hiyo ni sonona. Inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au vyote viwili. Daktari huenda akaagiza vipimo vya damu pia, kwa kuwa upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta hali ya namna hiyo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na watu wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Wengine huziacha wakipata nafuu, ikarudi. Usianze wala kuacha bila daktari.

Weka daftari kando kwa sasa. Akili iliyochoka hivi hugeuza kila zoezi kuwa ushahidi wa kushindwa.

Leo, kabla jua halijazama, mwambie mtu mmoja sentensi hii bila kuizungusha: "Nina mawazo ya kufa, naomba usiniache peke yangu, nipeleke hospitali." Hospitali ya wilaya ni mwanzo mzuri, nao watakupa rufaa. Hospitali za Mirembe ya Dodoma, Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zina huduma ya afya ya akili, na kwa wasomaji wa Kenya ipo Mathari ya Nairobi. Mtu huyo achukue dawa za shamba, vidonge vilivyobaki na chochote unachokifikiria, avitoe nyumbani kabisa. Alale nyumbani kwako au ulale kwake. Kama ni muumini mwenzako, akuombee kwa ufupi, kisha akupikie uji.